Mfanyakazi Aaminiwe Kwanza

Waajiri wengi huamini kwamba mfanyakazi asiposimamiwa hafanyi kazi. Humwekea msimamizi, naye msimamizi akawekewa wa kumchunga. Hatimaye wachungaji huwa wengi, na kazi haiendi.

Kampuni ya magari ya Volvo nchini Uswidi iliwahi kukabiliwa na tatizo la wafanyakazi watoro, waliochoshwa na kukaza nati zile zile tangu asubuhi hadi jioni. Mnamo 1974 ilifungua kiwanda mjini Kalmar, ambako wafanyakazi waligawanywa katika makundi ya watu 15 hadi 20. Kila kundi lilikabidhiwa sehemu kamili ya gari, kwa mfano mfumo wa umeme. Wenyewe waligawana kazi, wakapokezana na kukagua walichokiunda.

Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 1994, mauzo ya magari yalipokuwa yameshuka. Wapo wanaosema huo ni ushahidi kwamba mpango ule haukufaa. Sikubaliani nao. Kupungua kwa wanunuzi si kosa la aliyeunda gari.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kundi likipewa majukumu bila mamlaka, huwa limetwikwa mzigo tu. Wala uhuru wa kujipangia kazi si badala ya mshahara wa haki.

Walimu nasi tuna letu la kutafakari. Mwanafunzi aliyeamrishwa kila hatua tangu darasa la kwanza atajisimamiaje akiajiriwa? Tuwape wanafunzi kazi za makundi wazipange wenyewe, wakosee na kujirekebisha. Samaki hukunjwa angali mbichi.