Nondo Haikunjwi kwa Moto

Wengi wetu hapa Maskati tuna nyumba inayojengwa Unguja, Pemba au Mombasa, na fedha tunazipeleka bila kumwona fundi kazini. Muulize jambo moja: nondo anazikunja vipi? Akisema huzitia motoni kwanza zilainike, mwambie aache.

Feleji ya nondo, yenye kaboni kidogo, imejengeka kwa chembe zilizobanana mfano wa mawe ya ukuta. Huzioni ila kwa darubini. Chembe zikiwa ndogo, mipaka baina yao huwa mingi, na mipaka hiyo ndiyo inayozuia chuma kuteleza ndani kwa ndani. E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953 walilionyesha kwa hesabu: chembe ikipungua, nguvu huzidi.

Kule Sohar kiwanda cha Jindal Shadeed hutengeneza nondo. Katika kazi hiyo chuma hupashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 1100 au zaidi, kisha hupitishwa baina ya magurudumu mazito, mara nyingi. Kila mbano huziponda chembe za zamani, na kwa kuwa joto bado lipo, chembe mpya ndogo huzaliwa kwenye mipaka yake. Lakini joto lisilo na mbano ni hasara, kwani chembe kubwa huzimeza ndogo. Ndiyo sababu mbano wa mwisho huja joto likiwa limeshuka.

Wahunzi hawakuhitaji darubini. Al-Idrisi, katika karne ya 12, aliandika kuwa watu wa Malindi walichimba chuma na ndiyo iliyokuwa biashara yao kubwa. Mhunzi husoma rangi: chekundu hukigonga juu ya fuawe, na hakiachi motoni kikangoja.

Nondo nyingi za siku hizi, tena, hupozwa kwa maji mara zitokapo kwenye magurudumu, ngozi ikawa ngumu na kiini kikabaki laini. Moto wa fundi huiharibu ngozi hiyo, na ukikaa sana chembe hukua. Kwa macho nondo ni ile ile. Udhaifu umo ndani ya zege, juu ya vichwa vya watoto.

Nondo ikunjwe baridi, polepole, kwa mviringo, si kwa kona kali, wala isikunjwe ikanyooshwa tena. Fundi akilalamika kuwa ya milimita 16 inamshinda, mlipie akodi mashine ya kukunjia.