Mbuga za Taifa Zilizo Mlangoni Petu

Ndugu msomaji, watu wa Marekani wana desturi moja ambayo yafaa tuitazame. Shule zikifungwa, baba huwapakia mkewe na watoto katika motokaa, pamoja na hema na sufuria, wakaenda kuizuru nchi yao wenyewe. Hawaendi kwa jamaa wala hawaendi kwa biashara. Huenda kutazama mlima, au bonde, au uwanja ambao wazee wao walipigania, kisha hurudi nyumbani wakiwa wanaijua nchi yao zaidi kuliko walivyoijua walipoondoka. Mahali pengi wanapokwenda huitwa mbuga za taifa. Ya kwanza, Yellowstone, iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1872, nayo ina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 9,000. Mwaka 1916 serikali yao ikaunda idara maalumu ya kuzitunza mbuga hizo.

Mtu asidhani kwamba mbuga za Marekani ni za wanyama tu. Ile ya Everglades, iliyofunguliwa mwaka 1947, ni nchi ya maji na matete. Ile ya Mesa Verde, ya mwaka 1906, huhifadhi nyumba ambazo watu wa kale walizijenga ndani ya mapango ya majabali. Tena viko viwanja vya vita, ambavyo navyo hutunzwa na idara ile ile, maana ardhi ni kitabu cha historia kwa mtu ajuaye kukisoma.

Basi, kinamasi, mapango na uwanja wa vita, mambo hayo yote matatu tunayo sisi kati ya Kitale na Bungoma, na mtu aweza kuyaona katika siku tatu za likizo. Lakini muulize mwalimu, au karani, au mwenye duka wa mjini Kitale kama amepata kuyaona. Aghalabu atakujibu kwamba mambo hayo ni ya watalii. Jibu hilo ni la hatari kuliko linavyosikika, kwa sababu kitu kisichojulikana na jirani yake hakina mtetezi siku ya kuharibiwa. Kwa hiyo natamani kukuongoza, msomaji, katika safari hiyo.

KINAMASI CHA SAIWA

Tuanze na ndogo kuliko zote. Mbuga ya Taifa ya Saiwa iko mwendo wa kilometa 20 na kitu kutoka Kitale, kwa njia ya Kapenguria. Ilitengwa mwaka 1974, nayo ukubwa wake haufiki hata kilometa tatu za mraba. Katika Kenya nzima hakuna mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko hiyo. Mashamba ya mahindi yameizunguka pande zote, hata mgeni aweza kupita karibu nayo asijue kwamba amepita.

Mbuga hiyo iliwekwa kwa ajili ya mnyama mmoja, naye ni nzohe. Nzohe ni jamii ya pongo na kulungu, lakini maisha yake ni ya majini. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka, hivyo aweza kutembea juu ya matope na matete ambamo mnyama mwingine angezama. Akitishwa, hujitumbukiza majini mwili wote akabakiza pua tu juu, akatulia hapo mpaka hatari ipite. Mnyama wa namna hii hawezi kuhamia penginepo. Kinamasi kikikauka, naye amekwisha.

Katika Saiwa motokaa haziingii. Kila mtu hutembea kwa miguu, awe tajiri awe maskini. Zimejengwa njia za mbao juu ya matope, na minara ya mbao ya kukaa na kutazama. Yafaa kufika alfajiri au jioni, na kunyamaza. Asiyemwona nzohe huenda akamwona korongo mwenye taji, au yule kima mwenye ndevu nyeupe ambaye wazungu humwita kwa jina la msafiri De Brazza, nasi kwa Kiswahili humwita karasinga kwa sababu ya ndevu zile zile.

Hapo ndipo mwenye shamba apaswa kufikiri. Maji ya kinamasi hayaanzii ndani ya mbuga. Hutoka katika mashamba yetu. Tukilima hata ukingoni mwa kijito, udongo huteremka na mvua ukajaza matete. Tukikausha majimaji yaliyo juu ili tupate robo eka ya sukuma wiki, maji ya chini hupungua. Askari wa mbuga aweza kumzuia mtu mwenye mkuki, lakini hawezi kuzuia udongo. Kwa hiyo mlinzi wa kweli wa nzohe ni mkulima wa Trans Nzoia, ajue asijue.

MAPANGO YA MLIMA ELGON

Siku ya pili na tuelekee magharibi, tupite lango la Chorlim, tuingie Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon. Upande wa Kenya ulitengwa mwaka 1968, nao una kilometa za mraba 169. Uganda nao walitenga upande wao mwaka 1993. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye meta 4,321, kiko Uganda. Chetu, Koitobos, kina meta 4,222. Mlima huu hunywesha maziwa zaidi ya moja. Maji yaendayo katika mto Nzoia huishia Ziwa Victoria, na yale ya mto Suam huingia Turkwel na kuishia Ziwa Turkana katika nchi kavu ya kaskazini. Mama atekaye maji Budalangi na mchungaji anyweshaye mbuzi Turkana, wote wawili wana deni kwa msitu huu wa mitarakwa na mipodo.

Ajabu kubwa ya mlima ni mapango yake. Yapo Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Kitum limeingia ndani ya mlima kiasi cha meta 200. Wakati wa usiku tembo huingia humo katika giza tupu, wakipapasa njia kwa mikonga, wakiongozana wakubwa kwa wadogo. Hufuata chumvi iliyo katika mwamba. Huuchokoa ukuta kwa pembe, wakayaokota mawe yaliyobanduka, wakayatafuna. Alama za pembe zimejaa ukutani, na wataalamu husema kwamba kwa karne nyingi tembo wameyapanua mapango hayo kwa kazi hiyo. Kwa bahati mbaya, majangili waliwaua tembo wengi wa Elgon katika miaka ya 1970 na 1980, na waliobaki ni wachache.

Wala si tembo tu walioyajua mapango. Mzungu Joseph Thomson alipofika Elgon mwaka 1883 alikuta watu wakikaa ndani ya mapango pamoja na ng'ombe na mbuzi wao. Humo walipata kinga ya baridi na ya maadui, na mifugo ikapata chumvi. Thomson alipouona ukubwa wa mapango alidhani yamechimbwa na taifa fulani la kale lenye ustadi mwingi. Hakuwaza kwamba hao waliosimama mbele yake waliweza kuwa na historia ya kutosha. Watu wa Mesa Verde waliondoka katika mapango yao zaidi ya miaka 700 iliyopita, na wataalamu husoma habari zao katika vyungu na mifupa. Watu wa mapango ya Elgon wana wajukuu walio hai, wasemao Kisabaoti sokoni Kapsokwony na Endebess. Twaweza kuwauliza leo, lakini wazee hawangojei.

Neno moja la tahadhari. Mwaka 1980 na mwaka 1987, watu wawili waliokuwa wamelizuru pango la Kitum walishikwa na homa ya Marburg wakafa, na baadaye virusi vya ugonjwa huo vilionekana katika popo walao matunda. Kwa hiyo mzuru na afuate maagizo ya askari wa mbuga, asiguse popo wala mavi yao, wala asiingie kilindini kwa ushujaa wa bure. Ukuu wa pango waonekana vema ukisimama mlangoni.

KILIMA CHA CHETAMBE

Siku ya tatu tuteremke kwa barabara ya Kiminini na Misikhu mpaka Webuye. Juu ya mji huo, mto Nzoia uangukapo katika maporomoko ya Nabuyole, kiko kilima cha Chetambe. Hapa hakuna lango wala askari wa kukata tikiti. Lakini kama tungekuwa Marekani, mahali hapa pangekuwa na walinzi, ramani na kitabu.

Zamani Wabukusu walijenga miji yenye kuta za udongo na handaki kuizunguka, ili wajilinde. Baada ya wao kuwashambulia askari wa serikali mpya ya Kiingereza na kutwaa bunduki zao, Bwana C. W. Hobley, aliyekaa Mumias, alileta jeshi mwaka 1895. Alikuwa na askari wa Kisudani na wasaidizi wengi kutoka Buganda na kwa makabila jirani. Walivunja kwanza ngome ya Lumboka, kisha wakaiendea Chetambe, ambako watu wengi walikuwa wamekimbilia. Mikuki na ngao vilipambana na bunduki za mashine, na mwisho wake wajulikana. Wengi walikufa, na ng'ombe wakachukuliwa.

Mwaka ule ule wa 1895 Marekani ilitenga kwa sheria uwanja wa Gettysburg, mahali pa vita vikubwa vya wao kwa wao vya mwaka 1863, ili usisahauliwe. Lakini uko uwanja wao mwingine unaofanana zaidi na wetu. Mwaka 1876, penye mto wa Little Bighorn, wenyeji wa asili wa makabila ya Lakota, Cheyenne na Arapaho walimshinda na kumwua George Custer pamoja na askari aliokuwa nao. Hata hivyo mahali hapo paliitwa kwa jina la Custer, aliyeshindwa, kwa sababu watu wake ndio walioandika vitabu. Ilikuwa mwaka 1991 ndipo sheria ilipolibadili jina hilo, na mwaka 2003 likazinduliwa kumbusho la kuwakumbuka wenyeji waliopigania nchi yao.

Kwetu Bwana Hobley naye aliandika kitabu chake, kilichotoka mwaka 1929. Upande wa pili ulihifadhiwa katika midomo ya wazee. Mwaka 1947 Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walikusanyika Chetambe kuwakumbuka waliokufa, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku dini hiyo. Kilima kilichokuwa kimya kwa miaka 50 kilikuwa bado kina nguvu ya kuwatia watawala hofu.

Nilipopanda huko, mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe aliniita akaniuliza, "Kijana wangu, umetumwa kuja kupima mashamba?" Nikamjibu, "La, mzee, nimekuja kutazama mahali walipopigana babu." Akanitazama kitambo, akaweka fimbo chini, akasema, "Basi kaa, maana jambo hili haliwezi kuelezwa mtu aliyesimama." Tulikaa mpaka jua likageuka.

MADENI YA MBUGA

Haifai kusifu tu. Yellowstone iliyosifiwa ulimwenguni kote ilikuwa na wenyewe. Washoshone na makabila mengine waliokuwa wakiwinda humo waliondolewa, kisha wageni wakaambiwa kwamba nchi ilikuwa tupu tangu mwanzo. Na huku kwetu, juu ya Elgon penye nyika za Chepkitale, Waogiek waliishi kwa nyuki na mifugo tangu zamani. Mwaka 2000 nchi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, nao wakahesabiwa kuwa wavamizi katika nyumba yao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya mazingira na ardhi ya Bungoma ikatoa hukumu ya kuwapa haki. Hukumu hiyo yatufundisha kwamba msitu na watu wake si maadui, na kwamba mbuga iliyowekwa bila shauri la wenyeji imejengwa juu ya mchanga.

NAMNA YA KUJIANDAA

Atakaye kuanza karibu zaidi, na aanze katika Jumba la Makumbusho la Kitale. Asili yake ni makusanyo ya Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya vipepeo, ndege na vitabu tangu miaka ya 1920. Alipofariki mwaka 1966 aliyaachia taifa, na mwaka 1974 jumba la sasa likafunguliwa. Nyuma yake uko msitu mdogo wenye njia ya miguu, unaowafaa hata watoto wadogo.

Walimu wakuu na wapange safari moja kwa mwaka. Vyama vya akina mama na vya ushirika navyo vyaweza kukodi matatu moja na kugawana nauli, kama tunavyofanya tukienda arusini. Chukueni sweta, maana Elgon ni baridi. Chukueni chakula, na mrudi na takataka zenu. Kila mtoto na awe na daftari, na kabla ya safari amwulize babu au nyanya yake maswali matatu: kilima hiki chaitwaje, nani alilipa jina, na nini kilitokea hapo. Majibu yaandikwe pamoja na jina la mzee aliyeyatoa na tarehe. Madaftari hayo yakitunzwa vema shuleni, atakayetaka siku moja kuandika habari za Chetambe au za mapango ya Elgon hatakuwa na kitabu cha Bwana Hobley peke yake mezani.