Somo la Leo: Wakala Asipojibu

Fungueni madaftari yenu.

Katika mtandao wa kompyuta, programu moja ni msimamizi. Kazi yake kuuliza. Nyingine ni wakala. Kazi yake kujibu. Msimamizi huuliza, "Diski ina nafasi gani?" Wasiposemezana, diski yaweza kujaa na mtu asijue. Lugha yao huitwa SNMP. Toleo lake la 3, lililofanywa kanuni rasmi ya intaneti mwaka 2002, lina jina la mtumiaji na neno la siri.

Ukiwaweka wote wawili katika kompyuta moja, msimamizi amwite wakala kwa anwani 127.0.0.1. Hapo waya wa nje hauna lawama. Kosa limo humo humo ndani, nawe ulitafute kwa utaratibu.

Kwanza, hakuna jibu kabisa? Tazama kama wakala anafanya kazi, na kama anasikiliza katika mlango namba 161. Programu nyingine ikimtangulia hapo, yeye hapati nafasi.

Pili, jina halijulikani? Basi halijaandikwa kwa wakala. Liandike sawasawa, kisha umwanzishe upya.

Tatu, neno la siri limekataliwa? Linganisha pande zote mbili, pamoja na njia ya kulihakiki. Mmoja akitumia SHA na mwenziwe MD5, hawapatani hata neno likiwa moja.

Usiondoe kufuli ili upate jibu upesi. Mlango uliomfungukia mwenyewe bila ufunguo, humfungukia mwizi pia.

Zoezi: mweleze mwenzako mambo haya matatu kwa mpango wake. Kwaherini.