Gramu 250 za unga ni vikombe vingapi?

AKINA mama na wanafunzi wengi wanaopenda kuoka hukutana na tatizo moja. Maelezo ya mapishi yanasema: unga gramu 250, sukari gramu 150, siagi gramu 115. Jikoni hakuna mizani. Kuna kikombe cha chai, kijiko na bakuli. Ufanyeje?

Tatizo hili linajulikana sana katika miji iliyo chini ya Mlima Kenya. Chukua mfano wa Chaka, kituo cha biashara kilicho kwenye barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki. Dukani unga wa ngano huuzwa kwa pakiti ya kilo mbili na maziwa kwa pakiti ya nusu lita. Ukivuka hadi sokoni, nafaka hupimwa kwa gorogoro na viazi kwa ndoo. Mtu mmoja, siku moja, hununua kwa uzito na kwa ujazo, kisha hurudi nyumbani kuoka kwa kukisia.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba chenyewe ni kipimo cha ujazo, kama ilivyo pishi huko pwani na gorogoro huku bara. Si vipimo vibaya. Shida ni kwamba chombo kile kile kikijazwa vitu tofauti hakitoi uzito ule ule. Kikombe cha asali ni kizito karibu mara tatu kuliko kikombe cha unga. Kwa hivyo hakuna jibu moja kwa swali la "kikombe ni gramu ngapi?" Ni lazima uulize kwanza: kikombe cha nini?

Kikombe chako ni kipi?

Kikombe cha kupimia kinachotumika katika hesabu za makala hii kinachukua mililita 250, yaani robo lita. Vitabu vya Marekani hutumia kikombe cha mililita 237 hivi, na Wajapani hutumia cha mililita 200. Vile vitabu vya zamani vya Kiingereza ambavyo baadhi ya nyanya zetu wamehifadhi hutaja wakia na ratili. Wakia moja ni kama gramu 28, na ratili moja ni gramu 454.

Kikombe cha chai cha nyumbani huenda kikawa kikubwa au kidogo zaidi. Njia rahisi ya kukijua ni hii: nunua pakiti ya maziwa ya nusu lita. Mimina maziwa hayo katika vikombe viwili vinavyofanana hadi yawe sawa na pakiti iishe. Kila kimoja kina mililita 250. Weka alama mahali maziwa yalipofika, kwa rangi ya kucha au kwa utepe. Hicho ndicho kikombe chako cha kuokea. Usikiazime kwa chai.

Orodha ya kubandika ukutani

Kwa kikombe kimoja cha mililita 250, kilichosawazishwa juu, hesabu ni takriban hivi:

Unga wa ngano – gramu 125
Sukari ya kawaida – gramu 200
Sukari laini ya kupamba keki – gramu 125
Siagi au majarini – gramu 230
Mafuta ya kupikia – gramu 225
Kakao – gramu 100
Asali – gramu 340
Maji – gramu 250

Yai moja la wastani, bila ganda, ni kama gramu 50. Kijiko kidogo cha chumvi ni gramu 6 hivi.

Ukitaka kugeuza gramu kuwa vikombe, gawanya gramu ulizopewa kwa gramu za kikombe kimoja. Gramu 250 za unga, gawanya kwa 125, ni vikombe viwili. Gramu 150 za sukari, gawanya kwa 200, ni robo tatu ya kikombe. Gramu 115 za siagi, gawanya kwa 230, ni nusu kikombe. Kwa mahesabu hayo, keki yetu ya mwanzo haina siri tena. Kilichobaki ni mayai matatu, nusu kikombe cha maziwa na vijiko viwili vidogo vya poda ya kuokea.

Hasara iliyojificha

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Unga hushindiliwa. Ukitumbukiza kikombe ndani ya pakiti na kukikandamiza, unaweza kupata gramu 150 au zaidi badala ya 125.

Hebu tupige hesabu ya mama anayeoka keki za kuuza, kila moja kwa vikombe viwili. Akipima vizuri, pakiti ya kilo mbili itampa keki nane. Akishindilia, kila keki inameza gramu 300, na pakiti hiyo itampa keki sita na unga usiotosha keki ya saba. Tena hizo sita zitakuwa kavu na zenye kuvunjikavunjika, na mteja aliyeonja keki kavu harudi. Ikiwa pesa hizo zilikuwa za karo, kikombe kimemnyima mtoto.

Dawa yake si ngumu. Chekecha unga au uukoroge kwanza. Uchote kwa kijiko na kuumimina kikombeni bila kugongagonga. Kisha sawazisha juu kwa mgongo wa kisu. Huko Marekani, Fannie Farmer alisisitiza vipimo hivi vya kusawazisha katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1896, na ushauri huo haujazeeka.

Kwa siagi ngumu, hasa katika baridi ya Julai, tumia maji. Jaza kikombe maji baridi hadi nusu, kisha tia vipande vya siagi na kuvizamisha mpaka maji yafike juu. Mwaga maji. Una nusu kikombe cha siagi.

Mlima nao una sheria zake

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi havisemi. Eneo la Nyeri na Chaka liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Hewa iliyo ndani ya keki hutanuka upesi, keki hufura haraka kisha hudidimia katikati. Unyevu nao hukauka mapema.

Kwa hivyo mapishi yaliyofaulu kwa shangazi yako aliye Mombasa yanaweza kukuaibisha Chaka hata ukipima sawasawa. Punguza poda ya kuokea kwa robo: badala ya vijiko viwili vidogo, tia kimoja na nusu. Ongeza maziwa kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa kila nusu kikombe. Jaribu kwa keki moja kwanza kabla ya kupokea oda ya harusi.

Mizani ikipatikana, inunue, kwa maana hakuna kikombe kinachoishinda. Usipokuwa nayo, mwombe mwenye duka akupimie gramu 250 za unga, uupeleke nyumbani na kuumimina katika kikombe chako. Ukijaza viwili barabara, mkono wako umeshajua kupima. Ukibaki na unga, umejua unashindilia kidogo mno au kikombe chako ni kidogo. Usipotosha, legeza mkono.

Mwanafunzi wa Sayansi Kimu na afanye jaribio hilo kabla ya mtihani. Na baba naye asikae sebuleni akingoja keki. Kuchekecha unga hakuhitaji cheti.