Asali Nayo ni Sukari: Tuoke kwa Hesabu

Wahenga walinena kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya walevi, wala rushwa na wengineo waliozoea cha haramu. Leo nataka kuitumia kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani asali yenyewe, ile itokayo mzingani, na jinsi inavyowaponza wagonjwa wa kisukari majumbani mwetu kwa sababu tumeaminishwa kwamba haina madhara.

Siku moja ya Idd, miaka michache iliyopita, shangazi yangu ambaye ameishi na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi aliletewa sahani ya pai ndogo za ndizi. Zilikuwa zimenunuliwa kwa mwokaji mmoja aliyezisifu kwa maneno matamu kuliko pai zenyewe. Alisema hazina unga wa ngano wala nafaka yoyote, hazina hata chembe ya sukari, zimetengenezwa kwa unga wa muhogo na asali safi ya nyuki. "Hizi hata wenye kisukari hula bila wasiwasi," aliapa.

Kwa Idd kadha wa kadha shangazi alikuwa akiketi kando na kikombe chake cha kahawa chungu huku wenzake wakila halua, visheti na kaimati. Siku hiyo alifurahi kama mtoto. Alikula tatu mchana na mbili alasiri. Magharibi ilipoingia alikuwa na kiu isiyokatika, na usiku kucha akawa haishi kwenda haja ndogo. Kulipopambazuka alilalamika kwamba macho yameingia ukungu. Tulimkimbiza hospitalini, akalazwa kwa siku mbili.

Sina haja ya kumtaja mwokaji yule. Yamkini naye aliamini alichokisema, kama sisi tuliomlipa tulivyoamini. Ninachokililia ni imani yenyewe, ambayo imeenea sana siku hizi: kwamba ukiondoa unga wa ngano na sukari nyeupe, ukatia kitu kingine chochote chenye jina la asili, basi umepata chakula cha afya. Huu ni udanganyifu, na wanaoulipia ni wagonjwa wetu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina mapendeleo. Kijiko cha chai cha sukari nyeupe kina takriban gramu 4 za sukari. Kijiko hicho hicho ukikijaza asali hubeba karibu gramu 7, na katika hizo karibu gramu 6 ni sukari, kwa sababu takriban asilimia 80 ya asali ni sukari na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Kwa hivyo mpishi anayetoa kijiko cha sukari na kutia kijiko cha asali mahali pake hajapunguza kitu, ameongeza. Ni kweli kwamba asali ina utamu mkali, na mwenye mkono mwepesi anaweza kuitumia kidogo. Lakini ni nani kati yetu aliye na mkono mwepesi pale anapodhani anatia dawa?

Sukari guru nayo ni hivyo hivyo. Rangi yake ya hudhurungi na harufu yake ya miwa huwafanya wengi waione kuwa ndugu mwema wa sukari ya dukani, ilhali ni maji ya miwa yaliyochemshwa yakaganda. Damu ya mgonjwa haiulizi utamu huu umetoka mzingani, kwenye karai la guru au kiwandani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu sukari mwaka wa 2015. Lilisema kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu anazozipata mtu kwa siku, na kwamba ingekuwa bora zaidi ikiwa chini ya nusu ya kiasi hicho. Kwa mtu mzima wa kawaida kiwango hicho cha chini ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai kwa siku nzima, pamoja na vile vya chai ya asubuhi. Na mwongozo huo hauitengi asali. Unaihesabu pamoja na sukari nyingine, sawa na maji ya matunda yaliyokamuliwa.

Sasa tuje kwenye unga. Mtindo wa kuikimbia ngano ulianzia kwa watu wenye sababu ya haki. Daktari mmoja wa watoto nchini Uholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyebainisha katika miaka ya 1940 kwamba ngano huwadhuru watu wenye maradhi fulani ya utumbo. Njaa iliyoikumba nchi hiyo majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, ilimzidishia hakika, kwa kuwa watoto aliowatibu walipata nafuu bila mkate. Tangu hapo imejulikana kwamba kinachowadhuru ni gluteni, protini inayopatikana katika ngano, shayiri na rai. Mchele, mahindi, mtama na wimbi havina gluteni hiyo. Mwenye maradhi hayo, basi, hana sababu ya kukikimbia kitumbua cha mchele, maadamu unga wake haukuchanganywa na ngano.

Kisukari ni jambo jingine. Mwenye kisukari hadhuriki kwa gluteni, bali kwa wingi wa wanga, kwa kuwa wanga ukishasagwa tumboni hugeuka sukari. Na hapa ndipo unga wa muhogo ulipomlaghai shangazi yangu. Karibu robo tatu ya uzani wa unga wa ngano ni wanga. Unga wa muhogo huupita kwa wanga na kuachwa nyuma mbali kwa protini. Kuuondoa wa kwanza na kuuweka wa pili kwa ajili ya mgonjwa wa kisukari ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Sisemi muhogo ni mbaya. Umewalisha wazee wetu tangu jadi, na ulituokoa mfukoni mwaka wa 2022 wakati vita vya Urusi na Ukraine vilipoipandisha bei ya ngano, ambayo nchi yetu huagiza sehemu kubwa yake kutoka ng'ambo. Nasema tu kwamba usiuzwe kwa sifa isiyokuwa yake.

Msomaji ataniuliza: je, hakuna basi njia ya kumwokea mgonjwa? Ipo, na huku pwani tunaitupa kila siku. Nakusudia machicha ya nazi. Baada ya kukuna nazi na kukamua tui, machicha huwa tumewamwagia kuku. Ilhali yana nyuzinyuzi nyingi na wanga mchache, na yakikaushwa na kuchanganywa na korosho zilizosagwa huweza kusimama mahali pa unga. Korosho tunazo Kilifi, Kwale na Lamu. Kwa ndani, boga latosha, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji na lina utamu wake wenyewe usiohitaji kusaidiwa sana.

Nyumbani kwangu tumejaribu mara nyingi mpaka tukaupata mkono wake, nao ni huu. Chukua machicha ya nazi moja, uyakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi yakauke bila kuungua. Changanya na kikombe kimoja cha korosho zilizosagwa, yai moja, kijiko kimoja cha samli na chumvi kidogo. Yashindilie ndani ya sufuria pana iliyopakwa samli, chini na pembeni, kisha palia makaa juu na chini kama unavyopalia mkate wa sinia, kwa muda wa robo saa hivi, mpaka kingo zianze kuwa nyekundu.

Wakati huo uwe umechemsha boga, ukalichuja maji yake vizuri na kulisaga ukapata vikombe viwili. Tia nusu kikombe cha tui zito, mayai mawili, iliki, mdalasini na kungumanga kidogo. Chukua tende nane ndogo, zitoe kokwa, ziroweke katika maji ya moto hadi zilainike, zisage na uzichanganye humo. Mimina kwenye ganda lako, upalie tena kwa moto wa wastani kwa dakika 30 au 40, hadi katikati pasitikisike. Usiikate ikiwa moto, itakuvunjikia. Iache ipoe kabisa. Kisha ikate vipande vinane.

Kwa nini tende nane na vipande vinane? Ili hesabu iwe nyepesi hata kwa asiyejua kusoma. Tende moja ndogo ina sukari isiyopita sana gramu 4, yaani sawa na kijiko kimoja cha chai. Kila anayekula kipande kimoja anajua kwamba amekula tende moja, pamoja na utamu kidogo wa boga. Tende nayo ina sukari, hilo tusilifiche. Ila huja na nyuzinyuzi zake, nasi tumeitia kwa idadi, hatukuimimina kwa kukisia.

Wapo watakaosema afadhali kutumia vitamu visivyokuwa na sukari. Hilo nalo linataka maarifa. Aspatamu, inayouzwa kwa vidonge vidogo vya kutia kwenye chai, hupoteza utamu wake ikipikwa kwenye moto wa kuokea. Stevia, mmea wenye asili ya Paraguay ambao hata wakulima wa Kericho wamewahi kuulima, huvumilia moto, na dondoo la majani yake lina utamu unaoipita sukari mara 200 au zaidi. Kwa hiyo kiasi cha kutosha pai nzima ni chembe tu, na mkono ukizidi pai huwa chungu. Tena sukari haileti utamu peke yake; ndiyo inayolipa andazi rangi, unyevu na ulaini. Ukiitoa, yai na tui zito hufanya sehemu ya kazi hiyo, lakini rangi itapungua. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitamu vya namna hii visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu waliokwisha kuwa na kisukari. Hao wamsikilize daktari wao.

Maonyo mengine ni ya lazima. Pai hii si nyepesi: nazi na korosho zina mafuta mengi, na kipande kimoja kinashibisha, kwa hivyo kisigeuzwe vitatu kwa kisingizio cha afya. Wapo wasiopatana na korosho kabisa; ulizeni kabla ya kuandaa. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kuonja. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze wala kuongeza dawa kwa kuwa amekula pai ya nyumbani. Sukari ikishuka mno nayo huua.

Fauka ya hayo, wapo watakaoniambia kwamba haya yote ni anasa, na kwamba mgonjwa aache vitamu akae kimya. Maneno hayo ni mepesi kwa asiyeumwa. Katika jamii zetu kula pamoja ni sehemu ya udugu, na anayetengwa sahanini hujiona ametengwa nyumbani. Nimewaona wagonjwa wanaokula kwa kujificha jikoni, usiku, kwa kuwa mchana wamekatazwa mbele za wageni kama watoto. Mgonjwa akipewa kipande kimoja anachokijua kilichomo, mezani pamoja na wenzake, huwa na sababu ndogo ya kuiba vitano gizani.

Ndiyo sababu nawasihi waokaji wetu, wa majumbani na wa madukani, waache kuandika "bila sukari" juu ya kitu kilichotiwa asali, guru au tende. Waandike kilichotiwa na kiasi chake. Nasi wanunuzi tusiridhike na kuambiwa kisichokuwamo. Tuulize kilichomo, na ni vijiko vingapi. Anayeuza kwa haki hataona taabu kujibu.

Idd iliyofuata tulimwandalia shangazi pai ya boga. Nilitarajia ataichangamkia kama alivyozichangamkia zile za ndizi. Badala yake aliigeuza sahani huku na huku, akanikazia macho.

"Mwanangu, humu mna tende ngapi?"

"Nane, shangazi. Na vipande ni vinane."

Alihesabu vipande kwa kidole, kimoja kimoja, kisha akachukua chake na kuisogeza sahani kwa jirani yake. Akaila polepole na kahawa yake chungu, akiwa amekaa katikati ya wenzake.