Je, Nguvu ya Michoro Huongezeka Katika Kompyuta Mpakato?

Jengo la soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilipofunguliwa mwaka 1975, uingizaji wa kompyuta nchini ulikuwa umepigwa marufuku tangu mwaka uliotangulia. Leo kompyuta mpakato zilizokwisha tumika ng'ambo zauzwa hatua chache tu kutoka sokoni hapo, kando ya Mtaa wa Msimbazi, na kijana apendaye michezo ya kompyuta hutamani kununua ya bei nafuu ili aiongezee nguvu ya michoro baadaye. Kwa mashine zilizo nyingi, jambo hilo haliwezekani, na asiyelijua hupoteza akiba yake.

Kioo cha kawaida kina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Mchezo unaobadilisha picha mara 60 kwa sekunde hudai nukta zipatazo milioni 124 kila sekunde. Kazi hiyo ni ya chipu ya michoro. Katika kompyuta ya mezani chipu hukaa juu ya kadi inayochomolewa. Katika mpakato hushikizwa kwenye ubao mkuu kwa mamia ya vitone vya lehemu, ambavyo visipokuwa na risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 217 hivi. Fundi hodari aweza kuibandua kwa bloa. Lakini akibandika iliyo kubwa zaidi, programu ya msingi ya mashine haitaitambua, umeme hautaitosha, na bomba la shaba la kupoozea lilipimwa kwa ile ya kwanza. Zipo mashine chache zilizoundwa zibadilishwe, kama Framework Laptop 16 iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2024, nazo si rahisi kuzipata.

Lililo jepesi mara nyingi husahauliwa. Chipu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Huazima RAM ya mashine. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi pamoja hupitisha 51.2. Chipu za Intel ziitwazo Iris Xe hata hujitambulisha kwa jina la chini, UHD, zikikuta kijiti kimoja tu. Basi mnunuzi aulize kwanza kama kuna nafasi ya pili ya RAM, kwani katika mashine nyembamba nayo hulehemiwa.

Vumbi la feni lisafishwe pia: katika joto la Dar es Salaam, prosesa iliyopata moto hupunguza mwendo wake yenyewe.

Njia ya mwisho ni kasha la nje lenye kadi ya mezani na umeme wake, liungwalo kwa waya wa Thunderbolt. Waya huo una njia 4 za data badala ya 16 za mezani, hivyo sehemu ya nguvu hupotea. Tena gharama yaweza kupita bei ya mpakato wenyewe. Tundu lake hufanana kabisa na la USB-C la kawaida. Kwa kawaida hutambulika kwa alama ndogo ya radi iliyochorwa pembeni.