Chelo Lodwar: Anayejifunza Peke Yake Aazime Sikio la Nani?

Zipo dhana mbili kuhusu kujifunza ala ngumu za muziki, na zote mbili zinawapotosha wanafunzi wetu. Ya kwanza hudai kwamba ala kama chelo haijifunziki pasipo mwalimu aliyehitimu. Kwa hivyo mtoto wa Lodwar au Kakuma na aisahau, kwani chuo kikongwe cha muziki nchini, kilichoanzishwa mwaka 1944, kiko Nairobi. Ya pili, inayopendwa na vijana, hudai kwamba simu ya mkononi imekwisha kuchukua nafasi ya mwalimu. Mimi ni mwanaisimu, wala si mwanamuziki. Hata hivyo, kwa kuwa nimeanza kujifunza chelo nikiwa nimepita umri wa miaka arobaini, tena papa hapa Lodwar, nadhani ninalo neno la kuwaambia walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Tuanze na ala yenyewe. Chelo ni ndugu mkubwa wa fidla. Mchezaji huketi akaiweka kati ya magoti, akazikwaruza nyuzi zake nne kwa upinde wenye nywele za farasi. Tofauti na gitaa, shingo ya chelo haina vyuma vidogo vinavyoonyesha mahali pa kuweka kidole. Kidole kikisogea milimita chache tu, sauti imekwisha potoka. Hapo ndipo ulipo ugumu: hakimu ni sikio, na sikio la anayeanza bado halijui kuhukumu.

Sisi watu wa isimu tunaifahamu vyema hali hiyo. Lugha ya Kiturkana ina irabu zinazotamkwa kwa mnong'ono mwishoni mwa maneno, bila mtetemo wa nyuzi za sauti. Aidha, hutumia toni, jambo ambalo Kiswahili sanifu hakina. Mgeni anayejifunza Kiturkana peke yake huzipita irabu hizo asijue kwamba zipo. Hazisikii wengine wanapozitamka, wala hasikii kwamba yeye mwenyewe ameziacha. Akiendelea hivyo kwa miaka miwili, kosa hugeuka mazoea, na mazoea hayang'oki kwa urahisi. Wahenga walikwisha kulisema hili waliponena kwamba nyani haoni kundule. Simu itamwonyesha mwanafunzi jinsi bingwa anavyoshika upinde, lakini kifundo cha mkono wake kikikakamaa, video haitakatiza somo imwambie akilegeze.

Ushahidi upo katika maisha ya mabingwa wenyewe. Shinichi Suzuki wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1998, alijenga mbinu yake ya kufundisha fidla juu ya hoja ya lugha: ikiwa watoto wote wa Japani hujifunza Kijapani kwa kusikia, kuiga na kurudia, kwa nini wasijifunze muziki kwa njia iyo hiyo? Yeye alianza fidla akiwa kijana, bila mwalimu, akiiga sahani za santuri. Lakini hakuishia hapo, kwani katika miaka ya 1920 alisafiri hadi Berlin kumtafuta mwalimu. Naye Pablo Casals, bingwa wa chelo aliyezaliwa Catalonia mwaka 1876, alianzia kwenye chombo kilichotengenezwa kwa kibuyu kikavu. Kibuyu hakikumzuia, maana nyumbani alikuwamo babake, mpiga kinanda wa kanisa, aliyemsikiliza na kumrekebisha.

Je, asiyeweza kwenda Berlin, wala hata Nairobi, afanye nini? Swali hili si la mzaha kwa mwanafunzi wa Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar. Tangu kambi ilipoanzishwa mwaka 1992, wamezaliwa humo watoto ambao leo ni watu wazima, na kwa miaka mingi mkimbizi amehitaji kibali ili atoke nje ya eneo hilo. Kumwambia kijana kama huyo akatafute mwalimu mjini ni kumfungia mlango.

Ni maoni yangu kwamba sikio la pili liko karibu kuliko tunavyodhani. Waethiopia wana masinko, Warundi wana indingiti, Waganda wana endingidi, na Wajaluo wa hapa kwetu wana orutu. Zote hizo ni ala za uzi mmoja zinazopigwa kwa upinde, wala hazina alama za kuongozea kidole. Mzee aliyezoea orutu huenda hajawahi kuigusa chelo, lakini sauti ikipotoka atajua mara moja. Waturkana nao huimba na kucheza edonga kwa sauti na makofi, wakipokezana bila chombo cha kuwaongoza. Masikio yaliyolelewa humo ni hazina. Wala chelo yenyewe si mgeni kabisa kwetu: katika taarabu ya Unguja imekaa miaka mingi pamoja na fidla na udi.

Kwa hivyo anayejifunza peke yake na afanye hivi. Amwombe mwimbaji mzuri ashikilie sauti moja, naye aitafute sauti hiyo kwenye uzi mpaka zilingane. Ajirekodi, kisha amsikilizishe mwingine kila wiki. Ailinde ala yake pia, kwa sababu joto kavu la Lodwar hupasua mbao na kuachanisha gundi. Isiwekwe karibu na bati, na sifongo yenye unyevunyevu ikae ndani ya kasha.

Kwa walimu nina ombi moja. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na kila mwaka shule huhangaika kutafuta wakufunzi wenye vyeti. Shule za Turkana na ziwaalike wapiga ala za upinde, waimbaji na viongozi wa kwaya, wenyeji na wakimbizi, na ziwalipe ujira wao kama zinavyowalipa wakufunzi wengine. Maarifa yao hayajaandikwa kwenye cheti chochote, na wanapoondoka huondoka nayo.